Somo la Redio: Picha na Hadithi ya Tegu

  Leo tuna somo la sayansi. Msiliogope neno hilo. Sayansi ni kutazama kitu vizuri, kuuliza kwa nini kiko hivyo, na kulipima jibu mpaka tujue kama ni la kweli.

Kwanza tusikilize hadithi. Ni hadithi ya mfano.

Mama mmoja alikuwa na kijana wa miaka 20, mwenye nguvu za kulima. Jioni moja kijana aliketi karibu na moto. Ghafula akaanguka, mwili ukamtetemeka, povu likamtoka kinywani. Jirani wakarudi nyuma. Mmoja akapiga kelele, "Msimguse! Povu hilo litawaambukiza!" Mama hakungoja. Akamvuta mwanawe, lakini mkono ulikuwa umekwisha kuungua.

Watu wakasema, "Amerogwa." Mama akampeleka hospitali.

"Mama, kwenu mnafuga nguruwe?" daktari akauliza.

"Hapana, baba. Wala nyama yake hatuli. Jirani ndio wanaofuga."

"Nguruwe wao wamo bandani?"

"Hapana, wanazurura."

"Na vyoo, kila nyumba inacho?"

Mama akanyamaza kidogo. "Si kila nyumba, baba."

Kijana akapimwa. Halafu daktari akachukua karatasi, akamchorea mama picha. Nasi tuichore sasa. Mwalimu, chora duara kubwa ubaoni. Juu chora mtu. Upande wa kulia chora kinyesi kichakani. Chini chora nguruwe. Upande wa kushoto chora kipande cha nyama. Chora mishale ikizunguka: kutoka kwa mtu mpaka kwenye kinyesi, kisha kwa nguruwe, kisha kwenye nyama, mpaka kwa mtu tena.

Sasa tuufuate mshale wa kwanza. Ndani ya utumbo wa mtu hukaa mnyoo mrefu aitwaye tegu. Mwili wake una vipingili vingi. Vipingili vilivyokomaa hukatika na kutoka pamoja na kinyesi. Kipingili kimoja chaweza kuwa na mayai kama 50,000.

Nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho. Mayai huanguliwa tumboni mwake, na watoto wa tegu huingia katika nyama. Humo huwa malengelenge madogo meupe, kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo kabla haijaiva barabara, lengelenge moja hukua likawa tegu mpya utumboni. Duara limekamilika.

Lakini yule kijana hakula nyama ya nguruwe. Basi aliugua vipi? Mwalimu, chora mshale mwingine, kutoka kwenye kinyesi moja kwa moja mpaka kinywani mwa mtu. Mayai ya tegu hufika kinywani kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga zisizooshwa, na kwa maji machafu. Mtu akiyameza, watoto wa tegu huenda mwilini mwake kama waendavyo katika nguruwe. Wengine hufika katika ubongo. Hapo ndipo kifafa chaweza kuanza. Kwa hiyo hata asiyeonja nyama ya nguruwe aweza kuugua.

Kumbukeni mambo mawili. Si kila kifafa huletwa na tegu. Sababu ni nyingi. Tena kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa kumgusa mgonjwa. Mtu akianguka, mwondoeni penye moto, mlazeni kwa ubavu, wala msimtie kitu kinywani.

Itazameni tena picha yetu. Mkichora yai la tegu, mtalichora kubwa, ingawa kwa kweli jicho peke yake haliwezi kuliona. Tegu naye mtamchora mfupi, kumbe utumboni hufika mita 2 mpaka 4, au zaidi. Picha hukuza kilicho kidogo na kufupisha kilicho kirefu. Kila uonapo picha ya sayansi, uliza: kitu chenyewe kina ukubwa gani?

Kufundisha hivi si jambo geni nchini kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, sinema za mafunzo zilitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara, zikazungushwa vijijini. Moja ilihusu safura. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kuzungumza. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, walitangaza programu ya kompyuta iitwayo The Vicious Worm, yaani mnyoo mwovu. Ndani yake mna hadithi za picha juu ya tegu huyu huyu.

Sasa kazi iliyo mbele yetu ni kulikata duara. Mshale mmoja ukikatika, safari ya tegu hukatika. Kila nyumba ichimbe choo na kukitumia. Nguruwe wafungwe bandani. Nyama ikaguliwe, kisha ipikwe mpaka ndani pasibaki wekundu. Mikono ioshwe kwa sabuni. Anayeona vipingili katika choo chake aende zahanati, asijinunulie dawa dukani.

Maneno mapya: tegu, kipingili, lengelenge, ubongo, kuambukiza.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini asiyekula nyama ya nguruwe aweza kupata ugonjwa huu?
2. Choo hukata mshale upi? Banda hukata upi?
3. Jirani yako akianguka karibu na moto, utafanya nini?

Leo usiku mchoreeni mtu mmoja nyumbani duara hili, hata kwa kijiti mchangani, na mumsimulie hadithi. Kwaherini.