Ukadiriaji wa Hatari ya Mfupa Kuvunjika kwa Wagonjwa Wenye Saratani Iliyosambaa Mifupani: Uwezo na Mipaka ya Kipimo cha Mirels

1.0 Utangulizi

Saratani za matiti, tezi dume, mapafu, figo na tezi ya thairoidi zina mwelekeo mkubwa wa kusambaa mifupani. Zinapofika huko, huvuruga uwiano baina ya seli zinazobomoa mfupa na zile zinazoujenga. Mfupa ulioathirika hivyo huweza kuvunjika kwa tendo dogo tu, kama vile kupanda ngazi au kujigeuza kitandani. Mfupa wa paja unapovunjika, mgonjwa ambaye huenda amebakiwa na miezi michache ya kuishi hupoteza uwezo wa kutembea na kujihudumia. Kwa upande mwingine, upasuaji wa kuuimarisha mfupa kwa chuma kabla haujavunjika huweza kuleta uambukizi na kuganda kwa damu, na huweza kuchelewesha tiba nyingine. Swali la msingi, basi, ni mgonjwa yupi afanyiwe upasuaji wa kinga na yupi atibiwe kwa mionzi pekee.

2.0 Vigezo vya Kipimo

Mwaka 1989, Mirels alipendekeza kipimo cha mifupa mirefu ya mikono na miguu kilichotokana na uchunguzi wa maeneo 78 yaliyoathirika na kutibiwa kwa mionzi. Kati ya hayo, 27 yalivunjika katika kipindi cha miezi sita. Kipimo hiki kina vigezo vinne, na kila kimoja hupewa alama 1 hadi 3.

Kigezo cha kwanza ni mahali: mkono hupewa alama 1, mguu alama 2, na sehemu ya juu ya mfupa wa paja karibu na nyonga alama 3. Cha pili ni maumivu: madogo, ya wastani, au yale yanayozidi kiungo kinapotumika. Cha tatu ni aina ya uharibifu kama unavyoonekana katika picha ya eksirei: mfupa ulioongezeka ugumu, mchanganyiko, au mfupa uliomomonyoka. Cha nne ni ukubwa wa uharibifu: chini ya theluthi moja ya upana wa mfupa, kati ya theluthi moja na mbili, au zaidi ya theluthi mbili.

Jumla huwa kati ya 4 na 12. Alama 7 au pungufu huelekeza kwenye mionzi, ilhali alama 9 au zaidi huelekeza kwenye upasuaji wa kinga. Alama 8, ambayo Mirels aliihusisha na hatari ya asilimia 15, huachwa kwa uamuzi wa daktari.

Kwa mfano, wagonjwa wawili wanaweza kuwa na picha zinazofanana: katikati ya mfupa wa paja (2), mfupa uliomomonyoka (3), nusu ya upana (2). Mwenye maumivu madogo hupata alama 8. Anayeumia kila akanyagapo hupata 10. Picha haitofautishi wagonjwa hawa. Kinachowatofautisha ni maelezo yao wenyewe.

3.0 Mipaka ya Kipimo

Damron na wenzake (2003) walibaini kuwa kipimo hiki hutambua asilimia 91 ya mifupa itakayovunjika, lakini huitenga kwa usahihi asilimia 35 tu ya isiyovunjika. Kwa maneno mengine, wagonjwa wengi wangeweza kupasuliwa pasipo haja. Vilevile, utafiti wa Uholanzi wa Van der Linden na wenzake (2004) ulichunguza maeneo 110 ya mfupa wa paja, ambapo 14 yalivunjika. Ulionesha kwamba uharibifu wa ganda la nje la mfupa unaozidi milimita 30 kwa urefu ni kiashiria bora zaidi. Aidha, kipimo cha Mirels hakihusu uti wa mgongo, ambao tangu 2010 una kipimo chake, SINS, chenye alama 0 hadi 18.

4.0 Hitimisho

Kipimo cha Mirels kinahitaji eksirei na mahojiano na mgonjwa tu, hivyo kinatumika hata pasipo na skani ya kompyuta. Alama ndogo hupunguza shaka kwa kiasi kikubwa. Alama kubwa, hata hivyo, ni onyo linalodai uchunguzi zaidi. Haipaswi kuchukuliwa kuwa hukumu. Uamuzi wa kupasua hauna budi kuzingatia pia muda unaotarajiwa wa kuishi, hali ya jumla ya mwili, na matakwa ya mgonjwa mwenyewe.