Ndoa za Kota

Harusi za wauguzi wenzetu mjini hazikosi mjomba wa upande wa bwana harusi wa kuuliza, "Huyu binti yupo hospitali miaka yote hii, madaktari hakuwaona?" Na hapakosi shangazi wa kumjibu kwa swali baya zaidi: mume gani atavumilia mke wa kukesha na wanaume wodini? Maswali yote mawili yanatoka kwa watu walioijua hospitali kwenye tamthilia za runinga, ambako kila korido ina daktari kijana, na nesi hana kazi ila kumsubiri apite. Mimi nimezaliwa kota, nyumba za watumishi. Mama yangu alikuwa muuguzi, baba yangu mwalimu, na kazi ya mama ndiyo niliyoirithi. Acha nieleze sisi tuliolewaje na nani, maana waliobaki wa kuyaeleza haya wanapungua.

Nianze na hao madaktari. Zahanati ya kijiji haina daktari. Ina tabibu, muuguzi mmoja au wawili, na mhudumu wa kusafisha na kutunza kadi. Daktari alionekana siku ya ukaguzi. Alishuka garini, akapekua daftari la dawa, akanywa soda, na kabla jua halijatua amekwisha rudi wilayani. Hata huko wilayani walikuwa wachache, na wengi wao walihamia pamoja na wake zao. Aliyeamua kumngoja daktari angezeekea chumba cha sindano.

Jirani yetu halisi alikuwa mwalimu, na hili halikuwa jambo la bahati. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na zaidi watu walipokusanywa katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, shule na zahanati zilijengwa vijijini, mara nyingi kwenye kiwanja kimoja. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto aende shule, na ilipofika 1977 walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa madarasa huku wenyewe wakiendelea kujifunza ualimu. Kijiji kikajikuta na msichana wa Upareni mwenye sare nyeupe na kijana wa Njombe mwenye chaki mfukoni. Wote wageni, hawana shamba la urithi, hawana ndugu wa kuwapikia, wanachota maji kisima kimoja. Wazee wa kijiji waliwaita "watumishi", wakawaweka upande mmoja, na mtu hujikuta anamzoea yule aliyewekwa naye.

Kazi yenyewe iliwakutanisha. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kisha ikawatoa nje kuchimba vyoo na kufyeka majani. Mwalimu alisoma kijitabu, muuguzi alikagua. Baba alimwona mama kwa mara ya kwanza akiwa ameinama kwenye shimo la choo, ameshika fito ndefu, anawaambia wanaume wazima kwamba bado hawajafika, warudi chini. Baba alikuwa mmoja wa waliorudi chini.

Halafu kulikuwa na safari ya mshahara, ambayo vijana wa leo hawaijui kabisa. Mwisho wa mwezi watumishi wa vijijini walipanda lori kwenda wilayani: walimu, wauguzi, bwana shamba, bwana afya, karani wa mahakama ya mwanzo. Walipanga foleni kwenye dirisha la mhasibu, na kama fedha hazijafika walilala huko, wanawake kwa matroni, mkuu wa wauguzi, wanaume popote. Siku mbili za namna hiyo zilitosha kumjua mtu. Nani alikopa kabla hajapokea, nani alinunua daftari za wadogo zake kabla ya kuingia kilabuni, nani alimpisha mama mjamzito akae mbele kwa dereva. Wauguzi wengi waliolewa na mabwana shamba kupitia lori hilo. Waliokuwa karibu na kambi waliolewa na askari, na wa hospitali kubwa, mara chache, na madereva wa gari la wagonjwa.

Kuolewa na mgonjwa lilikuwa jambo la kunong'onezwa. Kijana aliyevunjika paja alilala miezi na jiwe la kuvuta mguu likining'inia, akimaliza maneno yote matamu aliyoyajua, na kanuni ya wodini ilikuwa moja: maneno hayo ayarudie akiwa amesimama, nje ya geti. Wengi hawakurudi. Macho ya wauguzi yalikuwa kwa ndugu wa mgonjwa. Kaka anayefika kila jioni na chupa ya uji kwa mama yake alitazamwa bila kujua. Je, anaupooza uji kwanza? Anamwinua mama kwa kumshika mabega au anamvuta mkono? Akikuta shuka limelowa, anaita nesi kwa sauti ya bosi au anauliza shuka safi liko wapi alibadilishe mwenyewe? Mtu anaweza kudanganya kwa barua mwaka mzima, lakini uji wa mama mgonjwa humtoa hadharani. Nawajua wanawake walioolewa kwa ajili ya uji huo, na hawajajuta.

Juu ya yote hayo alikuwapo matroni. Wazazi wetu walikuwa mbali, barua ilichukua wiki kadhaa, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa shangazi. Mama alikwisha maliza chuo na anajitegemea, lakini mshenga wa baba aliambiwa waziwazi aanzie kwa matroni. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa itangazwe siku 21 kabla. Matroni alizitumia siku hizo kama mpelelezi. Mchumba aliitwa, akakalishwa benchi la nje, akaletewa chai. Hakuulizwa mshahara wala kabila. Aliulizwa, "Wewe mwanangu, unajua kuwasha jiko?" Aliyejibu kwamba kwao wapo dada wa kufanya hivyo aliagwa kwa heshima zote, na jioni binti alipewa jibu: huyo hapana. Baba alisema anaweza ugali na maharage, wali unamshinda. Matroni akacheka, akaandika barua kwa babu.

Mahari, sendofu na kicheni pati siyasemi. Yetu hayana tofauti na ya watu wengine.

Swali la jiko ndilo linalomjibu yule shangazi wa harusini. Mume wa muuguzi alijua alichokioa. Mama akitoka zamu ya usiku, baba alikuwa amekwisha koroga uji na kutuogesha. Khanga ikitandazwa dirishani, tulijua mama analala, na kota nzima ilijua. Baba alitukusanya sisi na watoto wa jirani akatupeleka uwanja wa shule, tukapige kelele huko hadi saa nane. Wanaume wa kijiji walimcheka kwamba amekaliwa. Aliwajibu kwamba usiku uliopita mke wake alimzalisha mke wa mmoja wao, na kwamba anayecheka aseme ni yupi. Wauguzi wanaume nao, ambao hawajawahi kuwa wachache kama watu wanavyodhani, walioa walimu, na huko mwalimu ndiye aliyetandaza khanga.

Leo mshahara unaingia benki. Lori halipo, foleni haipo. Kota zimechakaa au hazikujengwa, muuguzi anapanga chumba sokoni, na matroni akimuuliza mchumba wake swali lolote ataambiwa anaingilia mambo ya watu. Binti anamaliza chuo, anasubiri ajira miaka, anajitolea, anaolewa mjini na mtu aliyempata kwenye simu. Ajira ikitoka anapangiwa kijiji ambako mume hana cha kufanya. Ndipo inapoandikwa barua ya kuomba uhamisho kwa sababu ya kumfuata mwenza, cheti cha ndoa kimeambatishwa. Maofisa wanazilalamikia barua hizo kana kwamba wauguzi wamekuwa watoro.

Mimi nasema wamekosea mahali pa kulalamika. Mama na baba hawakuomba kuhama hata mara moja, kwa sababu kila mmoja alikuwa ndiye sababu ya mwenzake kubaki. Kijiji kilipata watumishi wawili kwa ndoa moja, na wakakaa mpaka wakastaafu. Halmashauri inayotaka muuguzi adumu ijenge nyumba yake karibu na ya mwalimu, iwapeleke wote wawili kwa wakati mmoja, na barua za kumfuata mwenza zitapungua zenyewe. Matroni wa kuuliza habari za jiko hatukosi. Mimi mwenyewe bado nipo kazini.