Kabla hujachukua baiskeli ya umeme, tazama gurudumu la nyuma

Wiki iliyopita mpwa wangu wa Likoni alinipigia simu. Amepata mtu wa kumpa baiskeli ya umeme kwa malipo ya kila siku, na anataka kuifanyia kazi ya kupeleka vyakula upande wa Nyali. "Mjomba, wewe uliiendesha Nairobi. Nichukue au niache?" Nilimwomba siku mbili nifikirie. Halafu nikaona ni heri niandike hapa, maana tangu serikali izindue mpango wa pikipiki za umeme hapa Mombasa mnamo Septemba 2023, vijana wengi wananiuliza mambo haya, na wote huuliza habari za betri. Sijasikia hata mmoja akiuliza habari za tairi.

Nilikaa Kawangware karibu miaka miwili, nikipeleka vyakula Lavington na Kilimani, na jioni nikishuka Kibera kwa dada yangu anayeishi Makina. Baiskeli niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa ile nyeusi ya chuma, black mamba, ya kilo kama 20. Hii ya umeme ilikaribia 30. Mota peke yake ni kilo tatu au nne, nayo imekaa katikati ya gurudumu la nyuma. Betri ni kilo tatu hivi.

Barabarani uzito huo huusikii. Kwenye lami ya Naivasha Road mota inakusukuma na unajiona mfalme. Uzito unausikia pale lami inapokwisha. Kibera kuna mitaro ya maji machafu, kuna ngazi za mawe, kuna reli ya kuvuka, na njia nyingine ni za mtu mmoja kupita ubavu. Hapo baiskeli huiendeshi, unaibeba. Nilijifunza kutoa betri kwanza, naitia kwenye begi mgongoni, ndipo nainyanyua baiskeli. Inakuwa nyepesi kidogo, na betri haibaki nje kumtamanisha mtu.

Sasa pancha. Mwezi wa kwanza nilipata tano. Nililaumu misumari ya mabati na vipande vya chupa, na kweli vipo. Kuna pia nyaya nyembamba za chuma zinazobaki barabarani tairi zinapochomwa wakati wa maandamano. Waokota chuma chakavu huchukua zile kubwa, vijiuzi vinabaki, navyo huingia kwenye mpira polepole hata hujui. Lakini fundi mmoja mzee pale Kawangware alinionyesha tyubu yangu: matundu mawili madogo, sambamba, kama meno ya nyoka. Akaniambia, "Huu si msumari. Hii ni upepo kidogo." Mota iko nyuma, sanduku la chakula liko nyuma, na mimi mwenyewe nimekalia nyuma. Gurudumu likigonga ukingo wa shimo, tairi linabonyea mpaka ringi inaibana tyubu na kuipasua mara mbili.

Dawa yake haina gharama. Soma ubavuni mwa tairi, kiwango cha upepo kimeandikwa kwa PSI. Gurudumu la nyuma lijaze karibu na kiwango cha juu, la mbele punguza kidogo. Pima kila wiki, kwa sababu upepo hupungua hata bila pancha. Ukienda kujaza petroli stesheni, bonyeza kidogo kidogo. Tyubu ya baiskeli ni ndogo na ile mashine inaweza kuipasua kwa sekunde chache. Nilipofuata hayo, matundu pacha yalikwisha.

Kwa miiba na nyaya, nilichana tyubu kuukuu ya pikipiki nikaitandika ndani ya tairi la nyuma. Inaongeza uzito, ndiyo, lakini ilinifaa kuliko ile dawa ya maji inayotiwa ndani ya tyubu. Dawa hiyo huziba kitundu kidogo, haizibi mpasuko, hukauka baada ya miezi kadhaa, na mafundi huichukia kwa sababu kiraka hakishiki palipolowa.

Kosa lililoniumiza zaidi halikuwa pancha yenyewe, ilikuwa kuizibua. Jioni moja ya mvua kijana wa kando ya barabara alinitolea gurudumu la nyuma, akaziba, akarudisha. Alisahau ile washa yenye kijino inayozuia ekseli isizunguke. Nilipopanda kilima mota ikavuta, ekseli ikazunguka mahali pake, ikausokota waya na kuukata. Siku nne sikufanya kazi, na malipo ya kila siku hayakunisubiri. Simlaumu sana, hakuwahi kuona mota ya namna ile. Ningepaswa kusimama pale na kumwonyesha.

Tangu siku hiyo, pancha ya nyuma tuliziba bila kutoa gurudumu. Baiskeli inalazwa, upande mmoja wa tairi unafunguliwa, tyubu inavutwa nje mahali penye tundu tu, inapigwa kiraka na kurudishwa. Wakati wa black mamba kila fundi alifanya hivyo. Na ikibidi litoke, tazama mishale miwili kwenye kichwa cha waya kabla ya kuchomoa, uilinganishe tena wakati wa kurudisha.

Spoki za nyuma nazo zikaze kila mwezi. Moja ikikatika, jirani zake hubeba mzigo wake na hazichukui muda kuifuata. Usioshe mota kwa maji ya presha. Huku kwetu kuna jambo ambalo Nairobi halipo: hewa ya chumvi. Miguu ya betri na vichwa vya waya vitashika kutu upesi, kwa hiyo vipangusweni kwa kitambaa kikavu kila mara.

Kuhusu stima, betri yangu ya volti 48 ilijaa kwa nusu yuniti hivi, nayo ilinitosha asubuhi mpaka adhuhuri. Hiyo ndiyo faida, na ni ya kweli.

Basi mpwa wangu, muulize huyo muuzaji maswali mawili kabla ya kutia sahihi. Siku baiskeli iko kwa fundi, utalipa au hutalipa? Na tyubu na spoki za saizi ile zinapatikana Mwembe Tayari, au mpaka ziagizwe? Akikujibu vizuri yote mawili, ichukue. Pampu nitakununulia mimi.