Volti Haziunguzi Waya

“Fundi, waya wa nyumba unabeba volti 230. Hizi 12 za betri ya gari zitaushinda nini?” Ameniuliza mwalimu, ameniuliza dereva wa daladala, na juzi kaniuliza kijana aliyemaliza chuo cha ufundi. Huyo wa mwisho ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Hoja yenyewe inaingia akilini haraka, na ni potofu. Namba ya volti iliyochapwa juu ya waya inalihusu ganda: linaweza kuuzuia umeme wa volti ngapi usitoboe kwenda nje. Shaba iliyo ndani haijali volti. Kinachoichemsha ni ampea, na kwa ampea gari linaiacha nyumba mbali sana.

Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa nyumbani linavuta ampea zisizofika 9. Stata ya gari dogo, yenye nguvu isiyopita ya birika hilo, huvuta ampea 100 hadi 200. Hakuna muujiza: wati ni volti mara ampea, kwa hiyo volti zikipungua, ampea zinapanda.

Sasa chukua mita moja ya waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, upitishe ampea 150. Umepoteza volti moja nzima kati ya zile 12, na mita hiyo inatoa joto la wati 155 hivi. Ni zaidi ya balbu ya zamani ya wati 100, tena iliyovikwa plastiki. Waya wa 25, kwa kazi ileile, unapoteza sehemu ya kumi tu ya volti hiyo. Na stata huzunguka sekunde chache tu. Alteneta inachaji safari nzima, Dar hadi Dodoma, bila kuupa waya nafasi ya kupoa.

Hapo mjanja huniambia: “Basi nitanunua wa nyumba ulio mnene.” Hapana. Waya wa nyumba huwa na uzi mmoja mgumu, au nyuzi saba, kwa sababu ukutani hautikisiki. Injini inatikisika kila sekunde. Shaba ngumu ikikunjwakunjwa huchoka na kukatika, mara nyingi palepale ilipobanwa kwenye terminali, ndani ya ganda ambalo kwa nje linaonekana zima. Ndiyo maana waya wa gari wa 2.5 una nyuzi nyembamba 50 hivi.

Kisha kuna joto. Ganda la kawaida la waya wa nyumba limetengenezwa kwa nyuzi joto 70. Chini ya boneti, karibu na ekzosi, kiwango hicho kinapitwa kabla hata mkondo haujaongeza joto lake. Oili na petroli nazo zinalidhoofisha. Ganda likilainika, waya chanya ukigusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampea kwa mkupuo. Kebo ya stata kwa kawaida haina fyuzi, kwa hiyo kitakachoukata mkondo huo ni moto. Na msiniambie habari ya fyuzi kubwa zaidi “ili zisikatike”. Fyuzi inalinda waya. Ikiupita uwezo wa waya, waya ndio unaogeuka fyuzi.

Baada ya hayo, ununue nini? Ukienda kwenye maduka ya spea, Gerezani jijini Dar au Kirinyaga Road jijini Nairobi, omba waya wa gari wenye alama ya FLRY au kiwango cha ISO 6722 au ISO 19642, wa nyuzi joto 105. Karibu na ekzosi, 125. Kebo ya stata ya gari dogo la petroli: milimita za mraba 25 hadi 35, na dizeli iende juu zaidi. Alteneta ya ampea 80, umbali mfupi: 16. Taa mbili za mbele za wati 55 zinavuta ampea 9, zipe waya wa 2.5, pamoja na relei na fyuzi ya 15. Pima shaba, si unene wa ganda. Ganda nene ni mbinu ya zamani ya kuuza waya mwembamba. Kwangua ncha kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Waya uliokatwa kutoka gari chakavu la Japani unafaa, mradi ganda linakunjika bila kupasuka na shaba haijawa nyeusi.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Lagi za ncha za waya zibanwe kwa koleo lake, si nyundo. Risasi ya kuchomelea inaugandisha waya na kuuvunja pembeni mwa kiungo. Waya hasi wa kutoka betri kwenda injini na bodi uwe na unene uleule wa ule chanya, maana ampea zote zilizokwenda zinarudi humo.

Ukimaliza, weka mita kwenye volti: ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye bolti ya stata, mwenzako azungushe ufunguo. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, angalia waya na viungo vyake kabla hujatoa pesa ya betri mpya.