Bibi Apande Ndege, au Wajukuu Waje Rujewa?

Mavuno ya mpunga wa Usangu yanapopamba moto, shule za Uingereza nazo zinakaribia kufungwa. Kwa hiyo simu ya "Mama, njoo mwaka huu uwaone wajukuu" humkuta bibi yuko shambani, na swali linalofuata nyumbani ni moja: tiketi shilingi ngapi? Ni swali la haki, lakini tiketi ni kipande tu cha hesabu.

Tuchukue mfano. Bibi yuko Rujewa, huko Usangu. Mwanawe, mkwewe na watoto wawili wa miaka 5 na 8 wako Uingereza, wote wana pasipoti za huko. Bibi aende, au wao waje?

Nani asafiri?

Bibi akienda ni nauli moja. Wao wakija ni karibu nauli nne, maana punguzo la mtoto aliyetimiza miaka 2 kwa kawaida si kubwa. Wanne hao watalipa pia dola 50 kila mmoja kwa viza ya matembezi ya Tanzania, jumla dola 200, pamoja na dawa za kinga ya malaria. Dawa hizo si za kubania: mashamba ya mpunga ni mazalio ya mbu, na mtoto aliyekulia Ulaya hana kinga ya mwili aliyonayo mtoto wa Rujewa.

Bibi anahitaji pasipoti ya shilingi 150,000, inayodumu miaka 10, na viza. Kwa fedha, bibi anashinda. Anachobeba yeye ni hatari: viza ikikataliwa, ada hairudi.

Viza ya miezi 6 au ya miaka 2?

Kwa viwango vya Aprili 2025, viza ya mgeni ya miezi 6 ilikuwa pauni 127, ya miaka 2 pauni 475. Ada ya miezi 6 ukiilipa mara tatu ni pauni 381. Mara nne ni 508. Maana yake, ile ya miaka 2 inalipa kwa anayekwenda mara nne katika muda huo. Bibi wa safari moja kwa mwaka achukue ya miezi 6. Ile ndefu nayo haimruhusu kukaa zaidi ya miezi 6 kwa safari moja.

Afisa wa viza anataka kuona kwamba bibi atarudi. Hapo shamba linafanya kazi ya pili: hati za shamba, risiti za mauzo ya mpunga na barua ya serikali ya mtaa vina uzito kuliko mamilioni yaliyoingia benki wiki iliyopita bila maelezo. Mwanawe akilipia safari, aambatishe hati zake za mshahara. Na bibi anakwenda kutembea. Kugeuzwa yaya wa kudumu hakuruhusiwi na viza hiyo.

Safari za Dar ni mbili

Wengi husahau kwamba bibi lazima ateremke Dar es Salaam kutoa alama za vidole kwa ajili ya viza, asubiri majibu kwa kawaida wiki tatu, kisha ndipo apande ndege. Kutoka Rujewa ni karibu kilomita 700. Kwa viwango vya mamlaka ya usafiri ardhini, LATRA, vya Desemba 2023, basi la kawaida lilikuwa kama shilingi 34,000 kwenda tu, la daraja la kati kama 47,500. Mwenye ndugu Dar akae huko akisubiri. Asiye naye, kurudi nyumbani ni nafuu kuliko wiki tatu za gesti.

Treni ya TAZARA ina raha zake, lakini ikichelewa ndege haisubiri. Kuruka kutoka uwanja wa ndege wa Songwe kunaokoa mgongo, ila kwanza urudi nyuma hadi upite jiji la Mbeya. Ukichagua basi, fika Dar angalau siku moja kabla.

Tiketi: kituo kimoja

Tiketi rahisi kupita zote mara nyingi hubadilisha ndege mara mbili, au ni tiketi mbili zilizounganishwa kienyeji, ambapo bibi atachukua mizigo na kuikabidhi upya. Kwa mzee asiyejua Kiingereza, lipa zaidi upate tiketi moja yenye kituo kimoja, iwe Addis Ababa, Doha au Istanbul. Wakati wa kukata, omba huduma ya kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri. Haina malipo, na kuna mtu wa kumwongoza mpaka mlango wa ndege. Samli na nyama abakishe, Uingereza haviingii.

Mwezi gani?

Shule za England hufungwa mwishoni mwa Julai hadi mapema Septemba, na nauli hupanda wiki hizohizo. Juni ni nafuu, lakini wajukuu wako shule na bibi anashinda peke yake ndani, huku mpunga wake ukivunwa na wengine. Mwishoni mwa Agosti mavuno yamekwisha, ila likizo nayo inaishia. Kata tiketi mapema: kwenda wiki ya kwanza ya Julai, kurudi katikati ya Septemba, ili kukwepa nauli za wiki za likizo na bado kuipata likizo yote.

Bima

Viza ya mgeni ya Uingereza haidai bima, na hapo ndipo watu hubana matumizi. Mgeni akilazwa hospitali ya umma England, hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida. Nunua bima, na utaje presha au kisukari, maana ugonjwa uliofichwa haulipwi.

Uamuzi wetu

Mwaka huu bibi aende, kwa viza ya miezi 6. Mpunga asiuuze wote wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Safari ailipie mwanawe, magunia yasubiri bei ipande. Lakini anzeni akiba ya zile nauli nne. Kule Uingereza wajukuu watamjua bibi yao. Shangazi zao, binamu zao na kaburi la babu viko Rujewa, na havikatiwi viza.