Ngoma Yetu Ina Wenyewe

Ni mara ngapi tumeitwa kucheza ngoma kwenye sherehe za serikali, tukangoja juani tangu asubuhi, kisha tukapewa soda na mkate? Sisi pia tumerudi nyumbani hivyo, nauli tukajilipia.

Kwa Katiba ya 2010, shughuli za utamaduni ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo wa kuulizwa bajeti ni kaunti ya Meru au ya Embu, si chifu. Tena iko sheria ya mwaka 2016 ambayo wengi hawajaisikia. Inasema nyimbo, ngoma na ufundi wa jadi ni mali ya jamii. Anayetaka kuvitumia kwa biashara lazima aombe ruhusa kwanza, na faida igawanywe kwa haki. Kaunti inatakiwa kuweka daftari la mambo hayo. Haki ipo hata bila kuandikishwa, lakini ngoma ikiwa kwa daftari ni rahisi kuonyesha ni yenu.

Nendeni ofisi ya utamaduni na cheti cha kikundi, pamoja na mzee anayejua ngoma ilivyoanza. Wazee hao wanatuacha mmoja mmoja. Na mkialikwa tena, mwenyekiti aulize mapema: malipo ni pesa ngapi, na hiyo video itapelekwa wapi?