Boula moja, belo la kilo 45: kofia kuukuu kwenye mpaka wa Rusizi

RUSIZI, Rwanda

ANAYEVUKA daraja la Rusizi ya Kwanza asubuhi hukutana na bidhaa za kila aina zikipita kati ya Kamembe na Bukavu: nyanya, maziwa, mayai, vitenge, viatu, magodoro. Kofia haihesabiwi kuwa bidhaa. Hukaa kichwani mwa mwenyewe, naye akishamaliza taratibu za mpakani, hupita nayo bila kuulizwa.

Makala haya yanahusu kofia moja tu: ile nyeusi, ngumu kama kibuyu, yenye taji la mviringo na ukingo mwembamba uliokunjwa juu pembeni. Waingereza huiita boula, Wamarekani huiita dabi. Wafaransa na Wabelgiji huiita kofia ya tikiti, kwa sababu ya umbo lake. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuziita kofia zote za Kizungu zenye ukingo pama au chepeo, tukamaliza. Kwa wanaozitafuta, kuzikusanya na kuzifufua, tofauti hiyo ina maana kubwa, maana pama ikibonyea hunyooshwa kwa mvuke wa birika, lakini boula ikipasuka imepasuka.

Asili yake ni mwaka 1849. Edward Coke, wa ukoo tajiri wa Holkham huko Norfolk, Uingereza, alitaka kofia ya walinzi wa mashamba yake ya kuwindia. Kofia ndefu za siku zile zilikuwa ziking'olewa vichwani na matawi ya miti. Kazi ilipelekwa kwa duka la Lock la mtaa wa St James's, London, lililokuwapo tangu 1676, na duka likawapa mafundi Thomas na William Bowler. Inasimuliwa kwamba siku ya kuichukua, Coke aliiweka sakafuni akaikanyaga mara mbili. Haikubonyea. Akalipa shilingi 12 akaenda zake. Kwa hiyo kofia tunayodhani ilizaliwa kichwani mwa karani wa benki ilikuwa kofia ya kazi, ndugu mkubwa wa kofia ngumu anazovaa dereva wa pikipiki pale Kamembe.

Isidhaniwe kwamba ililetwa Kivu na maofisa wa Kibelgiji wa Costermansville, kama Bukavu ilivyoitwa enzi za ukoloni. Hao walipendelea helmeti nyeupe za jua. Boula wengi waliiona kwanza kwenye picha: sinema za Charlie Chaplin, na vitabu vya katuni vya Tintin vya Mbelgiji Hergé, ambamo wapelelezi wawili wanaofanana, Dupond na Dupont, hawaachani na boula zao hata mambo yakiwaharibikia. Nadhani hapo ndipo watu wetu walipojifunza kuicheka kabla ya kuitamani.

Tamaa ilikuja na Sape. Mtindo huo wa watanashati wa Brazzaville na Kinshasa una mizizi yake wakati wa ukoloni, lakini aliyeutangaza hadi huku ni mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016. Ulikua wakati ambapo kuvaa suti na tai kulikuwa ukaidi, kwa kuwa Mobutu alikuwa amevipiga marufuku na kuamuru abakosti. Mwaka 2009 mpiga picha wa Kiitalia, Daniele Tamagni, alipochapisha kitabu chake kuhusu watanashati wa Bacongo, Brazzaville, jalada lake lilikuwa na mwanamume mwenye suti ya rangi ya waridi na boula kichwani. Mwaka uliofuata mbunifu wa mavazi wa London, Paul Smith, alitoa mavazi yaliyoiga picha hizo. Kofia ilitoka London, ikapita Kongo, ikarudi London ikiwa ya mtindo. Kwa njia nyingine imekuwa vazi la heshima la wanaume wa Kalabari huko Nigeria na la wanawake wa Aymara wa Bolivia.

Upande wetu wa mto, Sape haina nguvu hiyo. Lakini mzee wa kijijini katika koti, kofia ya felti na fimbo mkononi ni sura inayojulikana Rwanda nzima, na kofia hiyo huvaliwa hadi ukingo wake ulegee. Kivu yote ina soko la kofia kuukuu. Kinachokosekana ni kofia zenyewe, na mafundi wake.

Sababu ya kwanza ya uhaba ni belo. Nguo kuukuu zinazoletwa kwetu hukandamizwa kwa mashine hadi ziwe marobota magumu ya kilo 45 au zaidi, yakafungwa kwa mikanda. Shati halidhuriki. Pama hutoka imekunjamana lakini hurekebika. Boula ikiingia humo hutoka vipande. Ndiyo maana anayechambua mitumba katika soko la Kadutu, Bukavu, anaweza kumaliza mabelo mengi bila kuiona hata moja nzima. Njia iliyo salama kwake ni sanduku la msafiri: jamaa anayeishi Brussels, karibu na mtaa wa Matonge, anashuka hadi soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, linalofunguliwa kila siku, anaipata, anaijaza soksi ndani ili isibonyee, anakuja nayo mkononi.

Sababu ya pili ni ushuru, na hapa ndipo jambo linapotuhusu kama jumuiya. Machi 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana Arusha kwamba nguo na viatu vya mitumba viondoke sokoni ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue. Kenya ilijitoa, kisha Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda haikurudi nyuma: ushuru ulipanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilijibu kwa kusimamisha nafuu ya AGOA kwa nguo za Rwanda kuanzia Julai 2018.

Piga hesabu. Belo la kilo 45 lililokuwa likilipiwa dola 9 sasa hulipiwa dola 112.50. Boula moja, yenye uzito wa gramu 150 hivi, ingelipiwa chini ya senti 40. Kwa kofia moja hilo si zigo. Lakini forodha haioni kofia moja. Katika orodha ya bidhaa inayotumiwa na forodha za dunia nzima, zetu zikiwamo, kifungu cha 6309 kinataja nguo zilizovaliwa pamoja na viatu na vya kuvaa kichwani (isipokuwa vya asbesto, kama yupo anayevaa), kwa masharti mawili: viwe na dalili wazi za kuvaliwa, na viwe vimeletwa bila kufungwa mojamoja, katika mabelo, magunia au vifungashio vya namna hiyo. Mfanyabiashara akilipa dola 112 kwa belo, atachagua nguo zinazotoka siku hiyo hiyo. Nani atabeba kofia za wazee?

Orodha hiyo hiyo, mwishoni kabisa, katika sura ya 97, inatambua vitu vya kale vilivyozidi miaka 100. Boula iliyotengenezwa zaidi ya miaka 100 iliyopita ni ya kale kwa sheria. Kati ya takataka ya belo na kitu cha makumbusho hakuna ngazi. Kofia ya mwaka 1935 inayoweza kufufuliwa na fundi haina nafasi yake.

Tuingie karakanani. Kwanza, ijue mali. Felti nzuri haikufumwa. Ni manyoya, ya sungura au, katika kofia za zamani zaidi na za bei, ya mnyama wa majini aitwaye biva, yaliyosongamanishwa kwa maji moto na mvuke. Ugumu wa boula hutokana na shelaki, utomvu wa mdudu wa India uleule ambao maseremala huupaka kwenye samani. Geuza ndani. Kwenye ukanda wa ngozi unaogusa paji la uso mara nyingi kuna chapa ya mtengenezaji: Christys' wa London, waliopo tangu 1773, Lock wenyewe, Borsalino wa Italia, Stetson wa Marekani. Kuna na namba. Kiingereza 7 ni takribani sentimita 57 za huku kwetu, na 6 7/8 ni 56. Utepe ukiwa na fundo, fundo liko kushoto. Likiwa kulia, ama utepe umebadilishwa, ama unaishika kofia kinyumenyume.

Kusafisha huanza na brashi laini kuelekea kinyume cha saa, kwa kuwa huko ndiko manyoya yalikolazwa. Kofia nyeusi iwe na brashi yake, nyeupe yake. Doa la jasho au mafuta hunyunyiziwa poda ya kawaida isiyo na manukato, likaachwa usiku kucha, likapigwa brashi asubuhi. Palipong'aa kwa kuvaliwa hupitishwa msasa laini kabisa, kwa mkono mwepesi, mpaka manyoya yasimame tena. Sabuni na maji, hapana.

Nondo ni adui wa pili. Si mdudu mwenye mabawa anayekula, ni mabuu yake. Dawa ambayo makumbusho hutumia ni baridi: kofia hufungwa vizuri katika mfuko wa plastiki, ikawekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ikatolewa na kuachwa ipate joto kabla mfuko haujafunguliwa. Friza Kamembe zipo, ila nyingi zina isambaza za Ziwa Kivu, na felti hainyimi harufu makazi. Ni heri kusubiri friza ya jirani.

Boula iliyobonyea kidogo isipelekwe kwenye birika kama pama. Mvuke mwingi huitoa shelaki nje ikaacha weupe. Mafundi huipasha kwa joto kavu, polepole, sehemu ile tu, hadi igeuke kuwa laini, kisha huisukuma kutoka ndani kwa kidole gumba na kuishikilia mpaka ipoe. Kichwa cha mtu si duara bali yai, na hakuna mayai mawili yaliyo sawa, hivyo ukanda wa chini nao hupashwa ukavutwa kufuata kichwa cha mvaaji. Ufa huzibwa kwa ndani kwa kipande cha shashi kilicholowekwa shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti. Ukanda wa ngozi ukioza, ngozi nyembamba ya mbuzi au ya mkoba mkuukuu hushonwa kupitia matundu yaleyale ya zamani, maana ukitoboa mapya felti itachanika kwenye mstari kama stempu.

Kazi hii yote inahitaji kalibu, gogo lililochongwa kwa umbo la taji. Seremala mwenye subira anaweza kulichonga. Hakuna kifaa hapa kisichopatikana kati ya Kamembe na Bukavu.

Kuna hatari ambayo wauzaji hawaisemi. Kwa muda mrefu viwanda vya kofia vilitumia chumvi za zebaki kulainisha manyoya, na watengenezaji waliugua: mikono ikitetemeka, akili ikivurugika. Marekani iliiachisha zebaki katika kazi hiyo mwaka 1941. Wahifadhi wa makumbusho wameipata zebaki ndani ya kofia za felti za zamani hata leo. Mvaaji wa siku ya harusi asiingiwe na hofu, lakini fundi anayepasha na kusugua kofia kumi kwa wiki ni mtu mwingine. Afanye kazi penye hewa, avae glavu na barakoa, asitumie jiko analopikia, na watoto wakae mbali.

Hapo ndipo ninapoona sera ya kilo inatupita. Lengo la 2016 lilikuwa kazi za mikono na viwanda vya hapa, na mimi siwatetei wanaotaka kuijaza Rwanda matambara ya watu. Lakini fundi anayeinunua boula iliyokufa kwa bei ya sahani ya chakula na kuiuza ikiwa hai anafanya kile kile ambacho tulisema tunakitaka. Akiivusha kutoka Bukavu kwenda Kamembe, sheria inamwona mchuuzi wa caguwa. Nafuu ya COMESA kwa wafanyabiashara wadogo wa mipakani haimfikii, kwa kuwa ni ya bidhaa zilizotoka katika nchi wanachama, na kwa kawaida kusafisha na kutengeneza hakubadilishi asili ya kitu. Kofia ya London inabaki ya London hata kama nusu yake sasa ni ngozi ya mbuzi wa Bushi na mikono ya fundi wa Bushi.

Juni 2019 Rais Félix Tshisekedi aliomba Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ilikubaliwa mwaka 2022, daraja la Rusizi likawa ndani ya jumuiya moja, na wataalamu wa ushuru wana mistari mingi ya kupanga iliyo mizito kuliko huu: saruji, mafuta, samaki. Mstari wa vitu vilivyotengenezwa upya na mafundi, vikihesabiwa kimoja kimoja badala ya kupimwa kwa kilo, ungeingia katika ukurasa mmoja. Ungewafaa pia watengeneza viatu, saa, redio na cherehani, ambao mpaka huu una wengi kuliko wa kofia.